Namba za kondaili zinagoma? Mwongozo kamili wa kupima njia ya kiungo cha taya kwa skana ya mdomoni

Madokta na mafundi meno, nimeandika hii kwa sababu swali ni lilelile kila wiki. Mtu ana skana nzuri tu, kasikia anaweza kupata pembe ya kondaili (mteremko ambao kichwa cha taya kinaupita taya likienda mbele) bila fesibo (fremu ya usoni ya kupimia taya lilivyokaa kichwani) wala nta ya kung'atia, anajaribu, anapata digrii 6 kulia na digrii 71 kushoto kwa mgonjwa mmoja, alafu ananitumia faili anauliza kama programu imeharibika.

Programu haijaharibika. Shida ni kwamba unapima meno ila jibu unalitaka la kichwa cha taya, na kichwa cha taya kipo kama sentimita 6 nyuma ya gego la kwanza. Ni kama ule mti mrefu wa kuangulia maembe, mkono ukitikisika kidogo huku chini, kule juu ncha inakosa embe kwa shubiri nzima. Karibu kila hatua hapa chini ipo kwa ajili ya kuzuia huo mtikisiko, kwaiyo usiruke hata moja ukidhani ni mapambo.

## Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajakaa

- Skana ya mdomoni yenye uwezo wa kuongeza baiti ya pili na ya tatu kwenye kesi moja (baiti ya meno, yaani skani ya meno ya juu na ya chini yalivyokaa pamoja, sio ya kompyuta)
- Silikoni ngumu ya kuchanganya kwa mkono, ile ya pati
- Kisu kikali na vernia au rula ya milimita
- Kioo cha mkononi, mgonjwa ajione
- Kompyuta yenye CloudCompare, programu ya bure ya kulinganisha maumbo ya 3D, pamoja na Excel au LibreOffice
- Picha ya CBCT (eksirei ya 3D), kama mgonjwa TAYARI anayo na imefika mpaka kwenye kondaili

Hiyo ya mwisho nimeiwekea herufi kubwa makusudi. Usimpige mtu mionzi kwa ajili ya kutafuta namba ya artikuleta (mashine ya fundi inayoiga mwendo wa taya). Kama alishapigwa kwa sababu ya impilanti (jino la kupandikiza) na picha ni kubwa ya kutosha, itumie. Kama hana, utatumia vipimo vya wastani, nitakupa.

Na njia hii haifai kwa kila mtu. Asiye na magego upande mmoja, mwenye meno yanayotikisika, kibogoyo, hao waache. Skana inahitaji meno yaliyosimama imara juu na chini, kulia na kushoto.

## Hatua ya 1: Pima kwa rula kwanza

Najua unataka kukimbilia skana. Subiri. Mwambie mgonjwa afungue mdomo mpaka mwisho, pima kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, ongeza kiasi ambacho meno ya juu yanayafunika ya chini akifunga. Mtu mzima wa kawaida anafika milimita 40 na kuendelea. Pembeni na mbele anaenda kama 7 mpaka 10.

Sababu: kama anafungua 28 tu, au taya linakwenda upande mmoja kila akifungua, au anashika shavu kwa maumivu, huyo kiungo chake kina tatizo na pembe utakayopata itakuwa ya tatizo, sio ya kiungo chenyewe. Taya likivutwa kulia wakati wa kufungua mara nyingi ni kiungo cha kulia ndo kimegoma kuteleza. Huyo anahitaji uchunguzi na matibabu kwanza, krauni (kofia ya jino) baadae.

## Hatua ya 2: Mfundishe mgonjwa, alafu tengeneza jigi

Hapa ndo wengi wanapofelia, na hamna anayeamini kwa sababu panaonekana rahisi.

Mpe kioo. Usimwambie "sukuma taya mbele", watu wengi wakisikia hivyo wanasukuma kichwa kizima kama kobe. Sema, "Mama, jaribu kung'ata mdomo wako wa juu kwa meno ya chini." Anacheka, anafanya, na kafanya sahihi. Arudie mara tano sita mpaka taya liende mbele limenyooka, mstari wa kati wa meno ya chini usiende kulia wala kushoto.

Sasa umbali. Unataka taya lisogee kama milimita 5. Watu wengi wanasimama pale ambapo meno ya mbele yanakutana ncha kwa ncha, lakini kwa mtu ambaye meno ya juu yamemzidi ya chini kwa milimita 2 tu, ncha kwa ncha ni safari ya milimita 2 na haitoshi kabisa. Mpitishe, meno ya chini yawe mbele ya yale ya juu.

Kwa nini 5? Hesabu ndogo. Tuseme baiti yako imekosea 0.1 mm kwenye kipande cha magego chenye urefu wa milimita 25. Kosa hilo likisafiri milimita 60 mpaka kwenye kondaili linakuwa kama 0.24. Taya likiwa limesogea 5, pembe inakosea kama digrii 3, unaweza kuishi nalo. Likiwa limesogea 2, inakosea karibu 7. Na kama kosa la baiti ni 0.3, kitu ambacho kinatokea kirahisi sana mate yakiwa mengi, kwa safari ya milimita 2 unakosea digrii 20. Hiyo 6 na 71 yako ilitokea hapo.

Jigi sasa, kishikizo cha kulibakiza taya pale mbele. Changanya pati kidogo, kama punje mbili za karanga, weka juu ya meno manne ya mbele ya chini, mgonjwa alete taya mbele mpaka pale mlipofanyia mazoezi, afunge TARATIBU mpaka meno ya juu yaingie kwenye pati kidogo, abaki hapo mpaka igande. Itoe, ikate kwa kisu ibaki kwenye meno ya mbele tu, isiguse chonge wala magego, maana skana inatakiwa kuyaona yote hayo.

Onyo: asing'ate kwa nguvu. Taya likiwa mbele, kule nyuma magego hayagusani, yapo hewani. Mtu akikaza misuli, kondaili inapanda juu na uwazi wa nyuma unapungua, pembe inatoka ndogo kuliko ukweli. Jigi inambeba tu. Mwambie ashike kama anavyoshika yai.

Utajua umefaulu ukiitoa jigi na kuirudisha mara tatu, na kila mara taya linaingia palepale bila mgonjwa kutafuta.

## Hatua ya 3: Skani juu, chini, na baiti ya kawaida

Hii mnaijua, sitakaa hapo. Mambo mawili tu. Skani tao zima mpaka gego la mwisho, usikate. Na baiti ya kawaida ichukue pande zote mbili, kulia na kushoto, hata kama skana inakubali upande mmoja na kukuwekea tiki ya kijani. Tiki ya kijani maana yake faili limejaa, haimaanishi taya limekaa sawa. Upande mmoja unaiachia skana ikisie upande wa pili, na kukisia ndo tunakokukimbia.

## Hatua ya 4: Baiti ya mbele, mara tatu

Rudisha jigi, mgonjwa afunge taratibu, kausha mashavu na fizi. Skani upande wa shavu kulia kuanzia chonge mpaka gego la pili, meno ya juu na ya chini yaonekane pamoja na ukanda wa fizi. Hamia kushoto bila mgonjwa kufungua. Akifungua, anza upya, usiunganishe nusu na nusu.

Fanya hivyo mara tatu, kila mara mgonjwa anafungua, anapumzika, anarudi kwenye jigi. Ndio ni kazi ya ziada ya dakika kama nne. Bila marudio haya hutajua kama namba yako ni kipimo au bahati nasibu.

## Hatua ya 5: Toa faili, na ukague taya la juu

Toa STL (faili la umbo la 3D). Ziite majina yanayoeleweka: JUU0 na CHINI0 kwa baiti ya kawaida, JUU1 na CHINI1 kwa baiti ya mbele ya kwanza, na kuendelea.

Kuna mtego hapa ambao umenila mimi mwenyewe siku nzima. Baadhi ya programu ukichagua baiti ya pili zinaacha taya la chini lilipo na kulisogeza LA JUU. Ukiangalia kwa macho hauoni tofauti, meno yamekaa vizuri, lakini ukihesabu unapata taya la chini halijasogea hata kidogo, au pembe imegeuka nyuma mbele.

Fungua JUU0 na JUU1 pamoja kwenye CloudCompare. Zikilaliana kabisa, uko salama. Kama zimeachana, linganisha JUU1 iende kwenye JUU0, chukua matriksi iliyotoka na uipe CHINI1 pia. Matriksi ni zile namba 16 zinazosema kitu kimegeuka vipi na kimesogea kiasi gani, utaziona kwenye konsoli chini.

## Hatua ya 6: Weka bapa na utafute kondaili

Skana haijui uso upo wapi, inajua meno tu, kwaiyo lazima uiambie juu ni wapi na mbele ni wapi.

Chagua JUU0, nenda kwenye kifaa cha Level, bonyeza pointi tatu: ncha ya gego la pili la kushoto kwa mgonjwa, ncha ya gego la pili la kulia, alafu katikati ya ncha za meno mawili ya mbele. Sasa bapa la kung'atia (usawa wa ncha za meno) limelala. Kagua kwamba X inakwenda kulia kwa mgonjwa, Y mbele, Z juu. Ikitoka kinyume rudia ukianza na upande mwingine. Matriksi hiyohiyo ipe CHINI0, CHINI1 na wenzake wote.

Kondaili sasa. Mwenye CBCT analinganisha meno ya juu ya skani na meno ya juu ya CBCT, anaona kichwa cha taya kwa macho, anaweka pointi katikati yake kulia na kushoto. Angalia tu kwamba picha ilipigwa meno yakiwa yamefungwa, kama alipigwa ameng'ata kipande cha plastiki kondaili haipo mahali pake, itabidi ulinganishe meno ya chini badala ya ya juu.

Asiye na CBCT anatumia pembetatu ya Bonwill, ile ya pande tatu sawa za milimita 100 kati ya kondaili mbili na meno ya mbele ya chini, na pembe ya Balkwill (kati ya pembetatu hiyo na bapa la kung'atia) mimi naiweka digrii 23. Hesabu inatoka hivi: anzia pale meno mawili ya mbele ya CHINI0 yanapokutana juu, rudi nyuma milimita 80, panda juu 34, alafu nenda 50 kulia na 50 kushoto. Ni wastani, kichwa cha mtu sio wastani, lakini kwa krauni na splinti (vipande vya plastiki vya kung'atia) za kawaida unafika.

## Hatua ya 7: Pata pembe

Linganisha CHINI0 iende kwenye CHINI1: kwanza kwa kubonyeza pointi nne zinazofanana, alafu ICP (ulinganishaji wa programu yenyewe) imalizie. Kwa kuwa ni meshi (umbo la 3D) ileile moja iliyowekwa sehemu mbili, kosa la RMS (kiasi ambacho bado zimeachana) linatakiwa kuwa karibu na sifuri. Ukiona 0.2 au 0.4 simama, aidha umelinganisha faili sizo au programu imekata meshi tofauti wakati wa kutoa.

Matriksi hii ichukuliwe BAADA ya hatua ya 6. Ukiichukua kabla ya kulaza bapa inaongea lugha ya zamani na kondaili yako inaongea lugha mpya, na Excel haitakuambia kitu, itakupa tu jibu la uongo kwa heshima zote.

Kwenye Excel weka x, y, z za kondaili ya kulia. Y mpya ni namba za mstari wa pili wa matriksi: ya kwanza mara x, jumlisha ya pili mara y, jumlisha ya tatu mara z, jumlisha ya nne. Z mpya ni hivyohivyo kwa mstari wa tatu. Toa za zamani, upate imesogea mbele kiasi gani na imeshuka kiasi gani.

Pembe ni =DEGREES(ATAN(kushuka/kwenda mbele)).

Mfano: imekwenda mbele 4.9, imeshuka 2.3, pembe ni digrii 25. Lakini hiyo 25 ni dhidi ya bapa la kung'atia! Artikuleta nyingi zinataka bapa la Frankfort, lile la kutoka tundu la sikio mpaka ukingo wa chini wa jicho, na mabapa haya mawili yanaachana kwa wastani kama digrii 9. Kwaiyo 25 hiyo kwa Frankfort ni kama 34. Mwenye CBCT asitumie wastani, apime mwenyewe, maana kutoka mtu mpaka mtu inabadilika sana. Nimeona mabishano makali kati ya dokta na fundi, kila mmoja na namba yake, kumbe wote wako sahihi na wanatumia mabapa tofauti.

## Hatua ya 8: Kulia na kushoto

Njia ni ileile, jigi mpya kwa kila upande. Taya likienda kulia unapima kondaili ya KUSHOTO, ile inayosafiri. Inakwenda mbele, inashuka, na inaingia ndani kidogo. Pembe ya Bennett ni =DEGREES(ATAN(kuingia ndani/kwenda mbele)). Ikienda mbele 5.1 na ndani 0.9 unapata 10. Kati ya 7 na 15 usishtuke.

Kusema ukweli hii namba naiamini kidogo kuliko ile ya mbele. Milimita 0.9 ni kitu kidogo sana kwa njia yenye makosa yake, na taya linaweza kuruka ndani mwanzoni kabisa mwa safari alafu likanyooka, sisi tuna picha ya mwanzo na ya mwisho tu, cha katikati hatukioni. Kama nina wasiwasi naweka 15 naendelea na kazi.

## Hatua ya 9: Ichunguze namba kabla hujaituma

Baiti zako tatu zikitofautiana ndani ya digrii 5, chukua wastani. Zikiachana zaidi ya hapo usichukue wastani, tafuta ile mbovu, mara nyingi ni ile ambayo mgonjwa alimeza mate katikati.

Kwa Frankfort namba nyingi zinaangukia kati ya 20 na 60. Ukipata hasi, rudi hatua ya 5. Ukipata zaidi ya 70, rudi hatua ya 2. Kulia na kushoto zikiachana zaidi ya 10, inawezekana kweli, watu hawako sawa pande zote, ila rudia kabla ya kuamini.

Ukibaki na shaka shusha namba, usiipandishe. Artikuleta ikiwekwa chini ya ukweli, fundi anatengeneza ncha za magego fupi zaidi, na mdomoni magego yanaachana mapema, hamna madhara makubwa. Ikiwekwa juu ya ukweli ncha zinakuwa ndefu, mgonjwa akisukuma taya mbele zinagongana, na utakaa na bari (ncha ya kusagia meno) unasaga krauni uliyoilipia.

## Kwa wenye mashine ya kufuatilia taya

Zipo za kamera kama Zebris na Modjaw, ipo SICAT ya mawimbi ya sauti, zote zinarekodi safari nzima na sio picha mbili, kwaiyo kwa kesi ya mdomo mzima nisingehangaika na Excel. Makosa ninayoyaona ni mawili. Fremu inayogundishwa kwenye meno ya chini inagusa meno ya juu wakati wa kusogea, hapo unarekodi njia ya fremu. Mgonjwa asogee pande zote na karatasi ya rangi kabla hujawasha kitu. Na kile cha kichwani kikiteleza kwenye nywele, hasa zilizosukwa au zenye mafuta, taya la juu nalo "linatembea". Mwisho wa kurekodi mrudishe kwenye kufunga kwa kawaida: kama skrini haimwoneshi palepale alipoanzia, futa yote uanze tena.

Na wale wa video ya simu na stika kwenye kidevu: ngozi sio mfupa. Inafaa kuona taya linakwenda upande gani, pembe usiitoe humo.

## Unachomwandikia fundi

Usiandike "kondaili 34" ukaachia hapo. Andika hivi, nakili ubadilishe namba:

"Mbele: kulia 34, kushoto 31, bapa la Frankfort, nimekadiria kwa kuongeza 9 juu ya bapa la kung'atia. Safari 5 mm, wastani wa baiti tatu, tofauti kubwa digrii 4. Kondaili kwa Bonwill, hana CBCT. Bennett weka 15 pande zote. Faili: JUU0, CHINI0, CHINI1, CHINI2, CHINI3."